Mshono wa Hatamu

Mwezi wa tisa mwaka 1905 nilishona vishikio ishirini na viwili kwenye suruali kumi na moja. Kila suruali ilipata viwili, kimoja kila upande wa kiuno, vya ngozi nene ya ng'ombe, vyenye nafasi ya kutosha mkono wa mwanamume kupita na kukamata sawasawa. Suruali zenyewe zilikuwa za turubai. Wasichana wengine wa Chuo cha Ellery walipewa kushona herufi kwenye fulana. Mimi nilipewa vishikio kwa sababu marehemu baba alikuwa fundi wa matandiko ya farasi, na alinifundisha mshono wa hatamu: sindano mbili, uzi mmoja wa kitani uliopakwa nta, na kila tundu linapitiwa mara mbili, kutoka huku na kutoka kule.

"Mshono huu ukikatika, mtu anakufa," baba alizoea kusema. Basi nikashona kama vile angekuja kukagua.

Mpira wetu ulikuwa wa kubebwa mikononi. Timu ilikuwa na nafasi tatu za kusogea mbele yadi tano, na ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Watu kumi na mmoja wanainama mbele ya watu kumi na mmoja, karibu kiasi cha kunusana pumzi, halafu wanagongana. Hakuna awezaye kupita ukuta wa namna hiyo kwa miguu yake peke yake. Ndiyo maana ya vishikio: mbeba mpira hukamatwa kiunoni na wenzake, akavutwa kupenya ukuta, na akiwa mwepesi, akarushwa juu yake.

Mwepesi wetu alikuwa kaka yangu, Halvor Tveit. Wachezaji wote wa Ellery walikuwa wana wa wakulima wa Iowa, na mbinu ya kumrusha waliiita Gunia, kwa kuwa walimtupa kama walivyozoea kutupa magunia ya mahindi kwenye mkokoteni. Baada ya juma moja jina likahama kutoka kwenye mbinu likamwangukia mwenyewe.

Siku nilipopeleka suruali kiwanjani, nahodha Royce Biddlecomb alimvisha Halvor ya kwake, akapitisha mkono kwenye kishikio, akamwinua mpaka miguu ikaning'inia. Royce alikuwa na mabega ya ng'ombe dume na pua iliyokwisha kuvunjika mara mbili. Nywele zake, kama za wenzake, hazikuwa zimekatwa tangu mwezi wa sita, maana nywele ndefu ndiyo kofia pekee waliyokuwa nayo ya kukinga kichwa.

"Dada Sindano," akaniita, "uzi wako huu utashika kweli?"

"Utashika," nikasema nikiangalia viatu vyangu.

"Maana ukikatika nitamwangusha huyu kama yai."

"Yai lenyewe viza!" akapayuka mtu nyuma, wakacheka wote.

"Nishushe, we ng'ombe!" Halvor akapiga mateke hewani, lakini naye alikuwa anacheka. Sijapata kumwona na furaha kama ile. Nyumbani alikuwa mdogo kuliko binamu zetu wote, na kila mwaka walimwachia kazi ya kulisha kuku. Sasa, siku si nyingi, watu elfu mbili wangemwita kwa jina, ijapokuwa jina lenyewe lingekuwa Gunia.

Tulishinda mchezo wa kwanza. Mpiga mpira wetu alivunjwa taya, akaondoka kiwanjani ameishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba bakuli la supu. Tulishinda wa pili. Huko mtu alimtia mwenzetu kidole cha jicho chini ya lundo la watu, mahali refa asipoweza kuona, na jicho likawa jekundu lote, jeusi na jekundu tu, bila weupe. Wa tatu tulitoka sare. Nilikuwa nikikaa kwenye benchi la mwisho na sanduku langu la sindano, kushona palipochanika, na kila Jumamosi nililowesha turubai katika maji baridi mara tatu kabla maji hayajaacha kugeuka rangi.

Katika mchezo wa nne walimrusha Halvor, akavuka ukuta vizuri, lakini alipokuwa akishuka goti la mtu lilimkuta kwenye kipaji. Alilala macho wazi. Kocha Strake akaja na ndoo, akammwagia maji usoni, akampiga makofi mawili mashavuni.

"Unaniona, Tveit?"

"Nakuona, bwana."

"Basi nyanyuka. Ukitoka leo hurudi."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria: aliyetoka hawezi kurudi siku ile. Kwa ajili ya sheria hiyo walicheza na vidole vilivyoteguka na mbavu zilizopasuka, maana kutoka kulikuwa sawa na kuwaacha wenzako. Halvor akanyanyuka. Akatembea polepole, akaenda akasimama katika mstari wa wapinzani, akainama pamoja nao.

Kiwanja kizima kilivunjika mbavu kwa kicheko. Royce alikwenda akamshika kishikio, akamrudisha kama anayemrudisha ndama zizini. Hata Halvor alicheka aliposimuliwa. Mimi sikuweza kucheka.

Tulipokuwa tukitembea kurudi mjini, aliniuliza, "Signe, mama ametuma mkate wa viazi?"

Signe alikuwa dada yetu. Alikufa kwa dondakoo tukiwa wadogo.

"Mimi ni Orpha," nikasema.

"Najua wewe ni Orpha. Nimesema nini?"

Baada ya mchezo wa tano maji mepesi yalimtoka sikioni yakalowesha kola ya shati. Baada ya wa sita alisimama mbele ya kioo cha ukumbini kwa muda mrefu, akijaribu kufunga vifungo vya koti, na vidole vilipita pembeni ya tundu kila mara. Nikaenda nikamfungia. Alitazama pembeni, macho yamejaa machozi ya hasira.

"Usimwambie Strake."

"Halvor, unaumwa. Ukipigwa tena mara moja tu..."

"Imebaki michezo miwili. Miwili tu, Orpha! Ukimwambia mtu, mimi si kaka yako tena."

Siku ya pili yake nilikwenda kwa Strake hata hivyo. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Alikuwa ameketi mezani akichora misalaba na miduara kwenye karatasi.

"Nini, binti? Umeleta suruali?"

"Ndiyo," nikasema. Nikaziweka mezani, nikatoka.

Nimejiuliza mara nyingi, ningekuwa msichana wa aina nyingine, mwenye sauti, mambo yangekwendaje. Lakini nilikuwa vile nilivyokuwa, na nguvu yangu yote ilikuwa kwenye sindano. Kati ya suruali zilizoletwa kwangu wiki ile kufanyiwa matengenezo ilikuwamo ya Halvor, kishikio kimoja kimelika ukingoni. Nilivifumua vyote viwili. Nikavishona upya kwa uzi wa pamba, ule wa kupindia leso, mara moja tu katika kila tundu, kisha nikapaka nta juu ili uonekane kama ule wa kwanza. Nilikuwa nimefikiri kila kitu. Vishikio vitang'oka mara ya kwanza watakapomwinua, kabla hajapaa. Atawaangukia watu wake mwenyewe. Gunia lisiloshikika halina kazi, kwa hiyo watamtoa, na akitoka, sheria haimruhusu kurudi. Halafu ningekuwa na wiki nzima ya kumwita mama, na mama angekuja kumchukua.

Nilifikiri kila kitu isipokuwa kwamba mpira ungebebwa na mtu mwingine.

Chuo cha Brandreth walikuja na treni, Jumamosi ya katikati ya mwezi wa kumi na moja. Ardhi ilikuwa imekaza kwa baridi hata visigino vya viatu vililia juu yake. Watu wa Brandreth walikuwa wamesikia habari zetu.

"Tuleteeni hilo gunia, tulifungue!" akapiga kelele mmoja wao, pande la mtu lenye bandeji iliyofunika sikio. "Tuone ndani mna mahindi au mna pumba!"

"Ndani mna meno yako ya mbele," Royce akamjibu. "Njoo uyachukue."

Katika kipindi cha kwanza Royce hakumwita Gunia hata mara moja. Baadaye nilikuja kufahamu kwamba naye alikuwa amemwona Halvor akihangaika na vifungo. Walipigana kwa viwiko na magoti, hatua kwa hatua, na kila lundo lilipofumuliwa mtu mmoja alibaki chini. Wawili wetu walibebwa nje. Mmoja wao alikuwa na alama za meno kwenye mkono, safu nzima, juu na chini, unaweza kuyahesabu. Yule wa bandeji alikanyagwa mkono mbele yangu kabisa, nikasikia vidole. Hakupiga kelele. Alimtazama aliyemkanyaga, akatikisa kichwa kama anayeandika deni, na lundo lililofuata alikuwa amemlalia juu akimsaga uso kwenye ardhi.

Ilipobaki dakika chache tulikuwa nyuma kwa pointi tano, na tumefika yadi tatu kutoka mstari wao. Nafasi mbili zikapotea kwenye ukuta ule. Strake akasimama pembeni ya kiwanja, mikono mdomoni.

"Gunia, Biddlecomb! Unangoja Krismasi? Gunia!"

Royce akasita. Akamwangalia Halvor.

"Uko sawa?"

"Nirushe," Halvor akasema. "Nirushe, nahodha, mama yako!"

Wakainama. Mpira ukaenda kwa Halvor. Royce akapitisha mkono kwenye kishikio cha kulia, mwenzake kwenye cha kushoto, wakamzungusha nyuma kupata nguvu, wakamwinua. Vishikio vikang'oka vyote viwili. Nasema nilisikia uzi ukikatika, ingawa kwa kelele zile haiwezekani. Halvor alianguka kichalichali juu ya migongo ya watu wake, akatua karibu kwa upole, mpira bado kifuani. Wa Brandreth walikuwa wamevuka mstari kwa kosa kabla mpira haujatolewa, refa akapuliza kipenga, nasi tukapewa kurudia nafasi ileile.

"Gunia limepasuka!" yule wa bandeji akacheka mpaka akashika magoti. "Leteni ufagio!"

Royce alibaki na kipande cha ngozi mkononi. Alikigeuza. Akavuta nyuzi zilizoning'inia, akazikata kwa vidole viwili, kama unavyokata utando wa buibui. Kisha akainua kichwa akanitafuta, akaniona kwenye benchi la mwisho, na sanduku langu mapajani.

Sikuweza kukwepesha macho. Nilimwona akiwaza. Nilimwona akimaliza kuwaza.

"Suruali nyingine!" Strake alikuwa akipiga kelele. "Mvueni mtu, mvisheni Tveit!"

"Hakuna muda," Royce akasema. "Toka, Halvor."

"Sitoki!"

"Toka, nimesema."

"Royce, naweza, kaka, nishike fulana tu, nishike hata nywele..."

Royce akamkamata mabegani, akamsukuma kwa nguvu zote hadi akavuka mstari wa pembeni na kuanguka karibu na miguu yangu. Refa akaandika. Imekwisha. Halvor alikuwa analia, kamasi na damu pamoja, akajigeuza akaniona.

"Ulishona nini wewe?" akasema. "Ulishona nini?"

Lakini Royce alikuwa amekwenda kusimama mahali pa Halvor, nami nikaelewa. Hakuna wa kumrusha mtu wa ratili mia mbili na kumi. Wangemburuta. Nilisimama. Nilifungua mdomo, na sijui kama sauti ilitoka.

Wenzake wanne wakavikamata vishikio vyake, wawili kila upande, wakavuta. Alizama ukutani hadi kiunoni. Yule wa bandeji akamkumbatia miguu, mwingine akamdaka shingo, na wengine wakaanguka juu. Wetu wakavuta mbele, wa Brandreth wakavuta nyuma, na hakuna upande uliokubali kuachia, maana kuachia kulikuwa kushindwa. Mshono wangu ulishika. Ngozi ilinyooka, turubai ilinyooka, uzi wa baba ukashika kila tundu. Kilichokatika kilikuwa kingine, na sauti yake ilikuwa fupi na kavu, kama kijiti cha kuwashia moto kinavyovunjwa kwenye goti. Mara lundo zima likateleza kwa pamoja kuvuka mstari, na umati ukalipuka kwa shangwe.

Refa aliwafumua mmoja mmoja. Royce alikuwa wa mwisho, chini kabisa, mpira kifuani, macho wazi.

"Nimevuka?" akauliza.

"Umevuka, nahodha!"

"Ajabu," akasema. "Siisikii miguu."

Strake akaja na ndoo akammwagia maji.

Walimlaza nyumbani kwa daktari, sebuleni, kwa kuwa ngazi zilikuwa nyembamba. Jumapili baada ya ibada nilikwenda. Mtu fulani alikuwa amemkata nywele zile ndefu, na bila nywele alikuwa na uso wa kijana tu, mwenye masikio makubwa. Mikono yake ililala juu ya blanketi bila kusogea.

"Dada Sindano," akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Ule ulikuwa uzi wa leso."

"Ndiyo."

"Umeupaka na nta. Mwizi wewe." Midomo ikajaribu kucheka. "Halvor anajua?"

"Hapana."

"Usimwambie. Atakutia kisimani."

"Royce, mimi ndiye..."

"Sikiliza. Nilikiona kile kipande, nikajua. Ningeweza kuvua yangu nikampa. Strake alikuwa anataka hivyo, si ulimsikia?" Alipumzika akitafuta pumzi. "Wewe ulikuwa na ujasiri wa kuharibu. Mimi nilimwona na vifungo vyake wiki nzima, nikanyamaza, kwa sababu nilitaka kushinda. Basi."

Nikamfuta jasho. Kwa leso yangu, sikuwa na kitu kingine. Alikufa Jumanne asubuhi.

Jumatano mama yake akaja chumba cha ushonaji. Alikuwa mjane kutoka mashamba ya upande wa mto, mrefu kama mwanawe, na hakuwa amepata kuona mchezo hata mmoja. Alikuwa amebeba suruali ya Royce, imefuliwa na kukunjwa.

"Wameniambia nimzike na nguo zake za timu," akasema. "Alizipenda. Lakini nimekuta hivi." Akaikunjua mezani, akagusa kishikio. "Ni vya nini hivi, mwanangu?"

"Vya kumvutia, mama. Wenzake walimshika hapo wakamvuta."

Akapitisha mkono wake ndani, akavuta, kwanza taratibu, kisha kwa nguvu. Uzi haukutingishika.

"Kazi nzuri," akasema. "Nani kashona?"

"Mimi."

Akautoa mkono. "Basi vitoe. Sitaki aingie kaburini na kitu cha kushikwa."

Akavuta kiti akaketi kungoja. Nikachukua kisu kidogo cha baba na kuanza. Mshono wa hatamu haufumuki kwa kuvuta. Lazima ukate kila tundu peke yake, na nta ilikuwa imeugandisha uzi kwenye turubai. Nilikuwa katika tundu la sita mlango ulipofunguliwa. Alikuwa Halvor, ambaye hakuwa amesema nami neno tangu Jumamosi. Mkononi alikuwa na suruali yake na vile vipande viwili vya ngozi.

"Strake anasema ule mchezo wa mwisho, wa Sikukuu ya Shukrani, tutaucheza kwa heshima ya Royce," akasema bila kunitazama. "Vishone. Safari hii vizuri."

Kisha akamwona mama mwenye nguo nyeusi, akavua kofia.

Royce alikuwa ameniomba ninyamaze. Lakini nilikuwa nimenyamaza mbele ya Strake, nikanyamaza kwenye benchi, na mbele yangu ilikuwa ile suruali.

"Nilivishona vizuri," nikasema. "Vya kwako nilivitoa, nikavirudisha kwa uzi wa leso. Kwa makusudi, Halvor, ili vikatike. Royce aliona. Aliona, akakutoa, akaingia yeye."

Mama Biddlecomb alimgeukia Halvor, akamtazama kuanzia viatu mpaka nywele.

"Una uzito gani, mwanangu?"

"Ratili mia na thelathini na tano, mama."

"Royce alikuwa na uzito huo ana miaka kumi na miwili," akasema. Akayafumba macho. Yalipofunguka aliniambia, "Endelea, binti. Usiikate turubai."

Nikaendelea. Kitambaa kilikuwa kinateleza mezani. Nje, upande wa kiwanja, kipenga cha Strake kikalia kuita watu mazoezini, kikalia tena kwa kirefu. Halvor alisimama pale pale kofia mkononi. Niliona uso wake ukibadilika na nikafikiri atanipiga, na nikafikiri, anipige tu.

Akaweka suruali yake sakafuni. Akavuta kigoda, akaketi mbele yangu, akaishika turubai kwa mikono yote miwili, akaikaza ili kisu kipite. Kidole chake kimoja kilikosa ukingo mara mbili kabla ya kuupata.

Tulifika tundu la mwisho kama saa kumi. Kipenga kilikuwa kimekwisha kunyamaza zamani.